Sifuri Nne za Rafin Dutse

Siku yangu ya mwanzo kazini sikupewa meza wala kalamu. Nlipewa ng'ombe. Dume jekundu, kaidi, pembe moja imevunjika, na kamba yake mkononi mwangu, na mbele yetu njia nyembamba inaingia porini. Mie mtoto wa mjini Unguja, ng'ombe nliyemzoea ni yule wa kwenye mchuzi. Nlikuwa nimevaa viatu vyeusi vya ngozi alivyoninunulia mama, maana barua ya kazi ilisema "msaidizi wa uchoraji ramani," nami nikadhani nakwenda kukaa kivulini nichore. Wenzangu walinicheka mpaka wakakaa chini.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mbung'o. Nyinyi vijana mliozaliwa hapa Maskati hamumjui, na Alhamdulillahi kwa hilo. Ni nzi wa kahawia, mkubwa kuliko wa nyumbani, anafyonza damu. Akitua hulaza mbawa zake moja juu ya nyingine, kama mkasi uliofungwa. Binaadamu humtia malale, ule ugonjwa wa kusinzia mpaka kufa, na ng'ombe humtia nagana: ng'ombe anakonda, manyoya yanasimama, macho yanatoa machozi, anatupa mimba, mwisho anaanguka. Mbung'o hatagi mayai kama nzi wengine. Huzaa buu mmoja mmoja, kwa hivyo hawawi wengi kama mbu, na kwa hivyo si rahisi kuwaona. Unaweza kukaa mahali siku nzima ukasema hapa hapana kitu, kumbe wapo wamejibanza kwenye magome ya miti wanakutazama.

Yule dume alikuwa chambo. Tukimtembeza njia ile ile, kila hatua mia mbili tunasimama, mbung'o wanamfuata, nasi tunawanasa kwa wavu wa mkono na kuwahisabu. Dume, jike, aliyeshiba, mwenye njaa. Mbawa zikiwa zimechanikachanika pembeni tunajua huyo mzee. Yote yanaandikwa kwenye daftari, palepale, kwa penseli, si kwa kalamu, maana mvua ikinyesha wino hukimbia.

Kambi yetu ilikuwa Tanzania bara, na aliyekuwa juu yetu tukimwita Bwana Mkaguzi, Mnyamwezi mtu mzima, mpole wa maneno lakini hapitishi upuuzi. Wiki ya kwanza alichukua daftari langu akalitazama.

"Kijana, hapa umeandika sifuri."

"Ndiyo, Bwana Mkaguzi."

"Ulisimama?"

Kituo kile cha njiani sikusimama. Kilikuwa na siafu.

"Sikiliza," akasema. "Umesimama ukatafuta ukakosa, andika sifuri. Hukusimama, piga mstari. Mstari maana yake sijui, na kutojua si aibu. Lakini sifuri ni ushahidi. Ukiandika sifuri umemwambia mfugaji alete ng'ombe wake. Wewe utakuwa umelala kwako, yeye ataleta ng'ombe."

Akanirudishia daftari, akanirudisha na mimi porini, kwa miguu, peke yangu na dume langu, nikasimame kwenye siafu. Nlimchukia siku ile. Leo nikiswali namwombea, ingawa hakuwa wa dini yangu.

Nlikaa pale miaka minne. Baadaye watu wetu wakatawanyika. Mama na ndugu zangu wakahamia huku Omani, mie nikachukuliwa na mradi mmoja uliokuwa ukichora ramani ya mbung'o kaskazini mwa Nigeria. Nlikwenda na begi moja na ghururi nyingi. Nlijiona fundi.

Savana ya kule si pori la kwetu. Ni nyasi na miti iliyosimama mbalimbali, jua limeshuka kabisa, na katikati vijito vyenye msitu mwembamba ukingoni. Kiangazi nyasi zikikauka, mbung'o wanarudi wote kwenye kivuli cha vijito. Mvua zikija wanatawanyika. Kwa hivyo ramani ya mbung'o ni ya msimu, na mchoraji asiyeandika mwezi kwenye ramani yake ni mwongo hata kama hakukusudia. Kule hatukutumia ng'ombe. Tulikuwa na mitego ya kitambaa, buluu na nyeusi, kwa sababu mbung'o anapenda buluu, sijui kwa nini, Mungu ndiye ajuaye. Anakuja kwenye buluu, anatua kwenye nyeusi, anapanda juu akitafuta mwanga, anaingia kwenye kikapu cha wavu, basi. Chini tunaweka chupa ya mkojo wa ng'ombe uliokaa siku kadhaa. Nguo zangu zilinuka mkojo miaka yote ile. Nacheka sasa, wakati ule hapana dobi aliyekubali kuzipokea.

Ramani ilikuwa imegawiwa miraba, kila mraba mwendo wa saa mbili kwa miguu. Kila mraba unatega mitego si chini ya siku tatu, unahisabu, unaandika. Mwisho wa msimu mie, kwa kuwa mwandiko wangu mzuri, ndiye nnayehamisha hisabu kutoka madaftarini kwenda kwenye ramani kubwa ya ukutani. Nyekundu, wapo. Nyeupe, hawapo. Mistari ya penseli, hatujui. Mkurugenzi wa Mradi, Mzungu mmoja mrefu mwenye kikohozi kisichopona, alikuwa akisimama mbele ya ramani hiyo kila asubuhi na kikombe chake cha chai kama mtu anayesubiri khabari za nyumbani.

Hapo kijijini karibu na kambi palikuwa na mzee wa Kifulani tukimwita Ardo, ambalo ni jina la heshima la kiongozi wa wafugaji. Ardo alikuwa rafiki yangu. Nlikuwa nikiswali nao Ijumaa, naye akafurahi kuona mtu wa pwani ya mbali anasoma Fatiha ile ile. Tukizungumza kwa Kihausa changu cha kuungaunga. Kila nikipita kwake alinipa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, na nikikataa alinuna. Ng'ombe wake walikuwa weupe, pembe ndefu, kundi likivuka barabara lori letu linazima moto tunangoja mpaka tunachoka.

Mwaka wa sita, msimu ulipokaribia kwisha, barua ikaja kutoka Maskati. Mama ameniposea. Bint wa watu, anaitwa Zuwena, siku ya harusi imeshapangwa, tiketi yangu hii hapa. Nlifurahi, siwafichi. Nlikuwa nimechoka na mkojo wa ng'ombe. Lakini Mkurugenzi alikuwa na amri moja tu: hapana mtu kwenda likizo mpaka ramani ikamilike, kwa sababu serikali ilikuwa ikiisubiri ili iwafungulie wafugaji malisho mapya.

Ikabaki miraba minne, upande wa mashariki, bonde la kijito kinachoitwa Rafin Dutse. Lori likavunja ekseli. Ekseli nyengine iko mbali, itafika baada ya wiki tatu. Tiketi yangu siku kumi. Nikapiga hisabu kila namna, hazikubali.

Nikaenda kwa miguu. Hilo nnalisema si kwa kujitetea, nnalisema kwa sababu ndilo nlilojidanganya nalo miaka yote. Nlikwenda asubuhi moja ya harmatani, ule upepo wa vumbi na baridi kutoka jangwani, nikasimama ukingoni mwa bonde na wavu wangu kiasi cha nusu saa. Sikuona mbung'o hata mmoja. Nami nlijua, tena khasa, kwamba mbung'o haruki kwenye baridi. Mtoto wa mwaka wa kwanza kazini anajua. Sikutega mtego hata mmoja. Nikarudi kambini, nikachukua kalamu ya wino, nikaandika sifuri nne kwenye daftari, na miraba minne ya mashariki nikaiacha nyeupe.

Mkurugenzi akasimama na chai yake. "Mashariki umemaliza?"

"Nimemaliza, bwana. Safi."

"Safi kabisa?"

"Sifuri."

Akanipa mkono. Hakunisukuma, hakunitisha, nataka hili lieleweke. Mtu yule aliniamini tu.

Jioni ya kuondoka Ardo akaja kambini na vijana wake wawili. Alikuwa amesikia malisho ya Rafin Dutse yatafunguliwa. Akaingia ofisini, akavua viatu mlangoni, akasimama mbele ya ramani. Hakujua kusoma, lakini rangi alizijua. Akaweka kidole kwenye weupe.

"Hapa ni Rafin Dutse?"

"Ndipo."

"Hakuna nzi?"

Nlikuwa nafunga begi. Nakumbuka nlikuwa na kanzu mpya mkononi, ya harusi. Nikasema, "Ramani inasema hawapo."

Kidole hakukiondoa. "Baba yangu hakupita kule na ng'ombe," akasema. "Hata mwaka wa ukame mkubwa. Alizunguka siku nne ili asipite kule. Sikumuuliza sababu, nlikuwa mtoto." Akanitazama. "Lakini wewe una karatasi. Na wewe ni mtu wa kuswali."

Pale, wallahi, pale palikuwa na mlango wazi. Neno moja lingetosha. Ningemwambia, Ardo, ngoja, sijatega. Ningekosa ndege, ningekosa siku ya harusi, mama angelia, kisha yangepita. Badala yake nikamwambia, "Nenda kwa kheri." Akanibariki kwa safari na kwa ndoa, akanipa kibuyu cha samli nimpelekee bibi harusi.

Zuwena alipikia samli ile mpaka ikamalizika. Hajapata kuonja samli nzuri vile, alisema.

Nlirudi baada ya miezi minne. Ng'ombe wa Ardo walikuwa wameshakufa karibu wote. Ardo nlimkuta amekaa nje ya kibanda, na nyuma yake kundi, nikawahisabu kwa mazoea ya kazi, kumi na mmoja, nikahisabu tena, kumi na mmoja. Mbavu zinahisabika, manyoya yamesimama. Vijana wake wawili walikuwa wamekwenda mjini kutafuta kazi ya kubeba mizigo. Mfulani asiye na ng'ombe, ndugu zangu, hana hata la kujibu akiulizwa yeye ni nani.

Alinyanyuka kunipokea. Akaniuliza khabari za bibi harusi. Kisha akasema, "Usihuzunike. Ni kadari ya Mungu. Labda mimi niliwapitisha njia mbaya kabla hatujafika bondeni. Karatasi yako ilisema kweli, mimi ndiye sikuwa mwangalifu."

Nami nikanyamaza! Loo! Nikakaa pale, nikanywa maziwa yake, maziwa ya ng'ombe kumi na mmoja, nikanyamaza.

Kesho yake nikatega Rafin Dutse, mitego kumi, siku tatu. Vikapu vilijaa mpaka wavu unatikisika. Sasa hapa ndipo nlipofanya la pili, na la pili ni baya kuliko la kwanza. Mara ya kwanza nlikuwa na haraka. Mara hii nlikuwa na wakati wa kutosha wa kufikiri. Nikaandika ripoti kwa Mkurugenzi kwamba mbung'o wamehamia mashariki. Wameenea. Mwaka jana hawakuwapo, mwaka huu wapo. Nikachora mshale mwekundu kwenye ramani, mzuri, umenyooka. Mkurugenzi akauita ugunduzi. Akanipandisha cheo.

Ardo alihama kabla ya mvua. Sikumwona tena. Kwa umri aliokuwa nao wakati ule, leo hayuko duniani, Mungu amrehemu. Nliwahi kuulizia, si kwa bidii. Mtu huulizia kwa bidii pale anapotaka kujibiwa.

Baada ya miaka mitatu nikaja Omani moja kwa moja, nikaajiriwa serikalini upande wa wadudu waenezao maradhi. Huku hapana mbung'o, kuna mbu. Miaka mingi nlizunguka Wadi Kabir kwenye magereji, nainama kwenye mipira ya magari iliyotupwa, natafuta viluwiluwi vya mbu kwenye maji yaliyotuama. Mafundi wa Kihindi wakinijua, wakiniita mudir wa mipira, yaani mkurugenzi wake. Vijana wa ofisini hawakunipenda. Mmoja aliandika sifuri kwenye gereji ambayo ilikuwa imefungwa kwa sikukuu. Nlimpigia kelele mpaka mkuu wa idara akatoka chumbani mwake. "Bwana Khalfan," akaniambia, "ni gereji tu." Nikamwambia hapana, si gereji tu. Hakunielewa, na mie sikuweza kumweleza. Siku ya kustaafu wakanipa saa ya ukutani na wakasema katika hotuba kwamba nlikuwa mtu wa kweli. Nlitamani ardhi inimeze.

Sasa nakaa Al Khuwair kwa bint yangu, Salha. Yeye naye ni mtu wa ramani, lakini ya kompyuta. Anachora mabonde na njia za maji ya mvua, ofisi yake dakika tano kwa gari. Na yuko Neema, mtu wa Tabora, anayetusaidia nyumbani, mwaka wa tatu huu. Jumapili yake anakwenda kanisani, siku nyengine ananipigia kelele nisile halua.

Mwezi uliopita Salha akarudi kutoka kazini baada ya alasiri, hata abaya hajavua. "Baba! Jina lako limo!"

"Limo wapi?"

Akafungua kompyuta yake mezani, akasogeza sahani ya tende. Kumbe kuna wataalamu, huko mbali, wamekusanya ramani za zamani za mbung'o wakazitia zote kwenye kompyuta, miraba yote, hisabu zote. Na wameandika makala. Salha akanisomea huku anatafsiri, sauti imejaa fahari: namna mbung'o walivyoenea mashariki kwa msimu mmoja tu, na namna watu wa leo wanavyoweza kutabiri wataenea wapi kesho. Ushahidi wao ni ramani mbili. Akabonyeza. Zikatokea sifuri zangu nne. Akabonyeza tena, ukatokea mshale wangu.

"Umeingia kwenye ilimu, Baba. Mama angefurahi."

Nikanyanyuka, nikakaa tena. Neema, aliyekuwa analeta kahawa, akaweka birika haraka. "Babu, unaumwa?"

Nikawaambia. Sikuwa nimepanga. Nikawaambia yote kama nlivyokuambieni nyinyi hapa, ila la harusi nikaliruka, nikasema lori lilivunjika tu. Salha akanishika bega akasema ilikuwa zamani, kila mtu hukosea, vyombo vilikuwa duni. Maneno ya mtoto anayempenda babake. Neema si mwanangu.

"Kwetu hao mbung'o tunawaita ndorobo," akasema. "Baba yangu alikuwa na ng'ombe. Alipoteza wote, mwaka mmoja. Mpaka anakufa alikuwa anasema kosa ni lake, aliwachunga vibaya." Akafuta meza pasipo na uchafu. "Sasa Babu, yule mzee si ungemwambia tu? Ng'ombe wasingerudi. Lakini angejua si yeye."

Hapana mtu aliyenipiga maishani mwangu kama alivyonipiga Neema kwa maneno hayo, na alisema kwa upole, bila ya kunyanyua sauti. Nlilia, mzee mzima. Maana ndilo khasa. Kwa ng'ombe, Ardo angenisamehe. Mie nlimwachia aende zake akijilaumu, na amekwenda hivyo kaburini.

Nyinyi mnaoanza kazi mtaambiwa mengi juu ya uaminifu, na mengi mtayasahau kama nlivyosahau mie. Mie nna moja tu. Mahali usipofika, sema sikufika. Utaonekana mvivu siku mbili tatu. Kuwa mvivu kunasahaulika.

Salha akaniuliza nnataka nini. Nikamwuliza, hao wataalamu wanasikiliza? Akasema wameweka fomu, mtu yeyote aliyefanya kazi hiyo zamani anaweza kusahihisha. Nikasema ifungue.

Akafuta sifuri ya kwanza, akaweka mstari. Ya pili, ya tatu, ya nne. Mshale akauandikia kwamba si kweli, mbung'o hawakuhama, walikuwapo tokea mwanzo. Akafika pahala pa sababu. "Niandike nini, Baba? Lori?"

"Andika mchoraji alikuwa na haraka ya kwenda harusini."

Vidole vikasimama. "Harusi gani?"

"Yangu na mama'ko."

Mama yake ametutoka mwaka wa sita sasa. Yeye pia sikumwambia, na samli ile aliisifu mpaka uzeeni. Salha akaandika. Hakunishika bega mara hii.

Ikabaki sehemu moja chini, inayouliza kama kuna khabari nyengine yoyote juu ya mahali hapo, na imetoka kwa nani.

"Hapo andika babake Ardo."

"Jina lake nani?"

"Silijui. Andika hivyo hivyo. Na andika alilolijua."

"Baba, hawa watu wanataka hisabu. Hili watalitupa."

"Wakilitupa ni shauri yao. Wewe andika."

Akaandika kwa Kiingereza, polepole, kisha akanisomea kwa Kiswahili, na Neema amesimama mlangoni anasikiliza: "Babake Ardo hakupita kule na ng'ombe."